Bwawa la kambamiti huanzia maabara

Nchi zilizopoteza mabwawa yao kwa magonjwa zilijifunza kwa gharama kubwa. Pwani ya Afrika Mashariki, ambayo ufugaji wake bado ni mdogo, ina nafasi ya kuujenga juu ya somo hilo.

Mwaka 2011 mashamba ya kambamiti ya Quelimane, katika jimbo la Zambezia nchini Msumbiji, yalikumbwa na vifo vingi visivyo vya kawaida. Vipimo vilipotoka vilitaja jina ambalo wafugaji wa Asia walikuwa wakiliogopa kwa karibu miaka 20: ugonjwa wa madoa meupe. Uzalishaji ukasimama. Mwaka uliofuata ugonjwa huo ukabainika Madagaska, ng'ambo ya Mlango wa Msumbiji. Kabla ya hapo ulikuwa umeyapiga mashamba makubwa ya Al Lith nchini Saudi Arabia, kusini mwa Jeddah, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona nchini Marekani walipolinganisha virusi vya nchi hizo tatu, walikuta vinafanana kijeni.

Tazama ramani ya magharibi mwa Bahari ya Hindi. Saudi Arabia iko kaskazini. Msumbiji na Madagaska ziko kusini. Katikati ni pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, yenye kambamiti wa aina zile zile na biashara ya mazao ya bahari inayovuka mipaka kila siku. Mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliwakutanisha mjini Maputo wataalamu wa Msumbiji, Madagaska na Tanzania kujadili namna ya kuzuia magonjwa ya viumbe wa majini katika ukanda huu. Tanzania haikuwa imepata msiba, lakini ilikaa meza moja na wafiwa, na ilistahili kukaa hapo. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Hamu ya kufuga kambamiti haikutoka hewani. Kenya ilizuia meli za kukokota nyavu katika Ghuba ya Ungwana mwaka 2006. Tanzania ikasimamisha uvuvi wa aina hiyo mwishoni mwa 2007, baada ya kambamiti wa asili kupungua. Hoteli na masoko ya Mombasa, Dar es Salaam na Unguja hazikuacha kuwahitaji. Sera za uchumi wa buluu za nchi zote mbili zinautaja ufugaji wa baharini kuwa njia ya kuziba pengo hilo na kuwapa vijana wa pwani kazi. Ni lengo jema. Ninachohofia ni mpangilio wa hatua. Mara nyingi mradi wa kambamiti huanza na ekari, mabwawa na idadi ya tani zitakazouzwa, kisha habari za mbegu na magonjwa huja baadaye kama nyongeza. Historia ya ufugaji huu duniani inatufundisha kuanza upande wa pili.

Mnyama asiyeweza kuchanjwa

Mfugaji wa kuku huchanja dhidi ya mdondo na kulala usingizi. Mfugaji wa kambamiti hana bahati hiyo. Kambamiti ana kinga ya asili: chembe za damu yake huvishambulia vijidudu vinavyoingia mwilini. Lakini mwili wake hautengenezi kingamwili zinazomkumbuka adui na kumsubiri arudi, kama ufanyavyo mwili wa binadamu au wa kuku. Ndiyo maana chanjo za kawaida hazimfai. Katika maabara, wanasayansi wamefanikiwa kumkinga kwa kumdunga vipande vya RNA vinavyozima jeni za virusi, ila hakuna anayeweza kumdunga sindano kila mmoja katika bwawa lenye maelfu kwa maelfu. Kazi inayoendelea sasa ni kutafuta namna ya kupitisha kinga hiyo kwenye chakula.

Virusi vya madoa meupe vinaonyesha ukali wa hali hiyo. Kambamiti aliyeambukizwa huacha kula, husogea kingoni au juu ya maji, mwili huweza kuwa mwekundu, na juu ya gamba hutokea madoa madogo meupe. Bwawa zima linaweza kufa ndani ya siku 3 hadi 10. Wenzake walio hai humla aliyekufa, na hapo ndipo maambukizi yanapopata njia ya haraka. Kaa na uduvi wa porini hubeba virusi hivyo bila kuonekana wagonjwa. Ndege huweza kuangusha mzoga wa bwawa moja katika bwawa jingine. Matope yasiyokaushwa vizuri huvihifadhi. Hata kambamiti mbichi aliyegandishwa kwenye barafu, anapotumiwa kama chambo cha kuvulia, anaweza kuviingiza katika maji mapya. Mlaji hapati madhara yoyote kwa kula kambamiti mwenye madoa meupe, na hilo lenyewe ni hatari kwa mfugaji, kwa sababu mzigo wenye virusi husafiri na kuuzwa bila mtu kuushuku.

Dawa za kuua bakteria hazina nguvu juu ya virusi. Wafugaji wengi wa Asia walizitumia hivyo hivyo, na matokeo yake yalikuwa mabaki ya dawa kama kloramfenikoli na nitrofurani katika nyama, shehena kurudishwa kutoka Ulaya, na bakteria sugu. Ukweli ambao kila mtafiti wa fani hii huuanzia ni huu: kambamiti akishaugua bwawani, kilichobaki ni kuvuna mapema au kuzika. Kazi yote ya maana hufanyika kabla.

Taiwan ilipanda, ikaanguka

Ufugaji wa kisasa ulianzia kwa Motosaku Fujinaga wa Japani. Katika miaka ya 1930 alifanikiwa kumfanya kambamiti wa aina ya kuruma atage mayai akiwa kifungoni. Kilichofuata kilikuwa kigumu zaidi: kuwalisha watoto ambao hupitia hatua kadhaa za umbo kabla ya kufanana na kambamiti. Fujinaga aligundua kwamba katika hatua fulani wanahitaji mwani mdogo usioonekana kwa macho, akauotesha na kuwalisha. Matokeo ya kazi hiyo aliyachapisha mwaka 1942, na mpaka leo vituo vya kutotolesha vifaranga hufuata njia aliyoifungua.

Mwaka 1968, katika maabara ya bahari ya Tungkang nchini Taiwan, I-Chiu Liao alifanikisha jambo hilo kwa kambamiti mkubwa mwenye milia, ambaye anapatikana pia katika Bahari ya Hindi hadi kwetu. Wataalamu walijifunza kukata kikonyo cha jicho moja la jike, mahali ilipo tezi inayozuia mayai kukomaa, ili atage haraka. Jike mmoja hutaga mayai mamia ya maelfu. Vifaranga vikawa tele, mabwawa yakajazwa msongamano mkubwa, maji ya visima na ya bahari yakavutwa na kumwagwa bila mpangilio, maji machafu ya shamba moja yakawa maji ya kuingiza ya shamba la pili. Mwaka 1987 kisiwa hicho kidogo kilivuna zaidi ya tani 80,000. Mwaka uliofuata mavuno hayakufika nusu ya hapo.

Taiwan haikukosa akili wala bidii. Ilikosa kipimo cha kujua vifaranga vimebeba nini, na ilikosa kikomo cha idadi ya mabwawa ambayo maji yake yangeweza kuyabeba. Baada ya kuanguka huko, mitaji na wataalamu walihamia Thailand, China na kwingineko, na magonjwa yakahama pamoja nao. Madoa meupe yalipozuka China na Taiwan mwanzoni mwa miaka ya 1990, yalifika Japani mwaka 1993 yakiwa ndani ya vifaranga vilivyoagizwa, kisha Thailand na India. Mwaka 1999 yakaingia Amerika ya Kati na Ekwado.

Ekwado ilikuwa tayari imejeruhiwa. Mwaka 1992 kambamiti wa mashamba ya kandokando ya mto Taura, karibu na Guayaquil, walianza kufa. Wengi waliamini chanzo ni dawa za kuua ukungu zinazopuliziwa migomba jirani, na ugomvi kati ya wafugaji wa kambamiti na wakulima wa ndizi ukawa mkali. Ilichukua miaka hadi watafiti, akiwemo Donald Lightner wa Chuo Kikuu cha Arizona, walipothibitisha kwamba muuaji alikuwa kirusi. Wakati watu wakilaumu migomba, vifaranga na wazazi wenye kirusi hicho viliendelea kusafirishwa kutoka nchi hadi nchi. Utambuzi uliochelewa ndio ulioupa ugonjwa wa Taura mabara mawili.

Yalipokuja madoa meupe, mauzo ya nje ya Ekwado yalishuka kutoka takriban tani 115,000 mwaka 1998 hadi chini ya tani 40,000 mwaka 2000. Lakini mwaka 2022 nchi hiyo hiyo iliuza nje zaidi ya tani milioni 1 na kuongoza duniani. Nitarudi kueleza ilivyoinuka.

Kitendawili cha vifo vya mapema

Mwaka 2009, kusini mwa China, wafugaji walianza kuona jambo jipya. Vifaranga vilivyoonekana vizima vilikufa ndani ya siku 35 za kwanza baada ya kuwekwa bwawani. Vietnam ilipata pigo hilo mwaka 2010, Malaysia 2011, Thailand 2012, Mexico 2013. Uzalishaji wa Thailand, iliyokuwa miongoni mwa vinara wa dunia, ulishuka kwa takriban nusu kati ya 2011 na 2013. Vipimo vyote vya virusi vinavyojulikana vilirudi bila jibu. Watu walishuku viuatilifu, chakula, hata udongo.

Jibu lilitangazwa Mei 2013 na kundi la Lightner, ambamo Mvietnam Loc Tran, aliyekuwa mwanafunzi wake wa uzamivu, alifanya sehemu kubwa ya kazi. Muuaji alikuwa bakteria wa kawaida wa maji ya chumvi, Vibrio parahaemolyticus, ambaye wanabiolojia walimjua kwa miaka mingi. Aina hii ilikuwa imepata silaha. Ndani yake mna plasmidi, kipande kidogo cha DNA kinachoweza kupita kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, na juu ya plasmidi hiyo zipo jeni mbili zinazotengeneza sumu pacha. Bakteria hukaa tumboni mwa kambamiti, sumu hupenya hadi kwenye kiungo kinachomfanyia kazi ya ini na kongosho, na kukibomoa. Watafiti wa Taiwan walikuja kueleza kwa kina sumu hizo zinavyofanya kazi, na kipimo cha PCR kinachosaka jeni zenyewe kikapatikana.

Ugunduzi huo uligeuza pia imani ya mafundi wengi wa mabwawa. Kwa miaka walikuwa wakiyatibu maji kwa klorini nyingi ili kuua kila kilicho hai, kisha wanaweka vifaranga. Sasa ilieleweka kwamba maji yaliyouliwa kila kitu huwa uwanja mtupu, na Vibrio huzaliana haraka kuliko wenzake na kuumiliki. Wafugaji wakaanza kuyaacha maji yakomae, kuongeza bakteria rafiki, na kupitisha maji kwanza katika mabwawa ya perege, ambamo mwani na vijidudu vya aina nyingi humnyima Vibrio nafasi. Nchini Thailand wakachimba shimo katikati ya bwawa lenye mteremko, kinyesi na mabaki ya chakula yakusanyike hapo na kunyonywa nje kila siku. Mafundi wake huliita choo cha kambamiti, na limekuwa sehemu ya kawaida ya mabwawa mapya.

Mbegu safi na mbegu ngumu

Teknolojia iliyobadilisha ufugaji huu kuliko nyingine zote ni ya uzazi. Baada ya misukosuko ya miaka ya 1980, Marekani iliipa kazi taasisi ya Oceanic Institute ya Hawaii: kupata kambamiti wazazi wasio na magonjwa yaliyoorodheshwa. Kundi lililofanya kazi hiyo, akiwemo Jim Wyban, lilichukua kambamiti mweupe wa Pasifiki, likawatenga, likawapima tena na tena, likawazalisha kizazi baada ya kizazi katika majengo yaliyofungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wazazi wa kwanza safi walikuwa tayari. Walipopelekwa Asia, walikuta wafugaji wamechoka na wazazi wanaovuliwa baharini bila kujulikana wamebeba nini. Mwaka 2020 kambamiti huyo mweupe alizalishwa kiasi cha tani milioni 5.8 duniani. Hakuna mnyama mwingine wa majini anayefugwa kwa wingi huo.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji wa vifaranga hawapendi kulisema kwa sauti. Mbegu safi maana yake haina magonjwa fulani siku inapotoka kituoni. Haimaanishi mbegu sugu. Ukiiweka katika bwawa chafu itaugua, na huenda ikafa haraka kuliko ile ya porini. Ekwado ilifuata njia nyingine. Baada ya 1999 wafugaji wake walichukua wale waliosalimika mabwawani, wakawazalisha, wakachagua tena waliosalimika miongoni mwa watoto, huku wakifuga kwa msongamano mdogo katika mabwawa makubwa. Taratibu walipata kizazi kinachoweza kuishi na virusi. Hivyo ndivyo ilivyopanda hadi kileleni.

Saudi Arabia, baada ya pigo la Al Lith, ilimwacha kambamiti mweupe wa kienyeji na kuanza upya na wazazi safi wa Pasifiki ndani ya mfumo mkali wa kinga. Madagaska ilikuwa imechagua kufuga na kuzalisha kambamiti wake wa asili mwenye milia, kwa msongamano mdogo na ubora wa juu. Mwaka 2004 kambamiti hao walipata alama ya ubora ya Label Rouge ya Ufaransa. Njia hizi zinatofautiana, lakini hakuna hata moja inayomtegemea mvuvi alete majike kutoka baharini na kuombea heri.

Kinachoziunganisha njia hizo ni kipimo. Tangu janga la UVIKO-19, watu wengi wa kawaida wanajua PCR ni nini. Kwa kambamiti, kanuni inayotumika sana ni kuchukua vifaranga 150 kutoka tangi moja. Ikiwa ugonjwa umewaingia asilimia 2 tu, sampuli ya idadi hiyo ina uwezekano wa asilimia 95 wa kumnasa angalau mmoja mwenye maambukizi. Kipo pia kipimo cha bei ndogo kinachofanyika penye kituo chenyewe: vifaranga hutiwa ghafla katika maji yenye chumvi kidogo sana, na baada ya muda huhesabiwa waliosalimika. Kundi dhaifu hujitambulisha hapo hapo, kabla mfugaji hajalipa.

Katika bwawa lenyewe, teknolojia inayofaa mara nyingi ni rahisi kuieleza. Maji huingia kupitia machujio na kutulia kwenye bwawa la akiba kabla ya kuwafikia kambamiti. Uzio mfupi wa plastiki huzuia kaa kutambaa kutoka bwawa moja hadi jingine. Nyuzi zilizotandwa juu huwafukuza ndege. Sakafu hufunikwa kwa plastiki nzito, matope yasiwe ghala la vimelea. Mashine za kuzungusha maji huwashwa hasa usiku, kwa kuwa alfajiri ndipo oksijeni hushuka chini kabisa, na kambamiti aliyekosa pumzi ndiye wa kwanza kushambuliwa na ugonjwa. Mfumo wa bayofloki, uliochangiwa sana na utafiti wa Yoram Avnimelech wa Israeli, huongeza kwenye maji chakula chenye kaboni kama molasi ili bakteria wale mabaki yenye naitrojeni na kugeuka wenyewe kuwa chembe ambazo kambamiti anaweza kuzila. Hivyo maji hayahitaji kubadilishwa kila mara, na kila lita isiyoingizwa kutoka nje ni mlango mmoja uliofungwa kwa ugonjwa. Kwenye mashamba makubwa ya Ekwado, vinasa sauti vilivyozamishwa majini husikiliza mlio wa kambamiti wakitafuna, na mashine hutoa chakula pale tu wanapokihitaji.

Somo la wafugaji wadogo wa India

Msomaji anaweza kuuliza: haya yote si ya matajiri? Swali hilo lilijibiwa katika jimbo la Andhra Pradesh. Kuanzia mwaka 2000 mamlaka ya kukuza mauzo ya mazao ya bahari ya India, MPEDA, ikishirikiana na mtandao wa vituo vya ufugaji wa viumbe wa majini wa Asia, NACA, ilianza kuchunguza kwa nini mabwawa ya wafugaji wadogo yanaugua. Watafiti walipita bwawa kwa bwawa, wakilinganisha lililougua na lililosalimika. Waligundua kwamba mambo madogo ndiyo yaliyowatenganisha: udongo mweusi wa sakafu kutoondolewa, vifaranga kutopimwa, maji kuingizwa wakati jirani amepata ugonjwa.

Wakaunda vikundi vya wafugaji wanaotumia mfereji mmoja wa maji. Wanakausha mabwawa kwa wakati mmoja, wananunua vifaranga pamoja vikiwa vimepimwa PCR, wanaviweka bwawani katika wiki moja, na mmoja akipata ugonjwa anatoa taarifa kabla ya kumwaga maji. Gharama ya kipimo iliyomshinda mmoja ikawezekana kwa kikundi. Mwaka 2007 India iliunda kituo cha kitaifa cha kusimamia vikundi hivyo. Na ilipoamua mwaka 2009 kuruhusu kambamiti mweupe wa Pasifiki, ilihakikisha wazazi wote wanaoingizwa nchini wanapita kwanza karantini maalumu mjini Chennai. Ukubwa wa shamba haukuwa kigezo cha kusalimika. Utaratibu wa pamoja ndio ulioamua.

Pwani yetu iko wapi

Sisi hatuanzi leo. Kenya ilianzisha shamba la majaribio la Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kwa msaada wa FAO mwishoni mwa miaka ya 1970. Halikudumu kuwa biashara. Nchini Tanzania, katika miaka ya 1990, mradi mkubwa uliopangwa katika delta ya Rufiji, kwenye msitu mpana kuliko yote wa mikoko Afrika Mashariki, ulikubaliwa na serikali mwaka 1997 na kupingwa vikali na wanakijiji na watetezi wa mazingira. Haukujengwa.

Upinzani ule ulihusu ardhi, uvuvi na misitu, lakini ulikuwa na hoja ya kitaalamu ambayo haikusikika vya kutosha. Udongo wa chini ya mikoko una salfa. Ukichimbuliwa na kupigwa na hewa hutoa tindikali inayoshusha afya ya kambamiti kwa miaka. Mikoko yenyewe huchuja maji na ndiyo makulia ya kambamiti wa porini. Asia na Amerika ya Kusini zilifyeka maelfu ya hekta za mikoko na kuishia na mabwawa yaliyotelekezwa. Bwawa zuri hukaa nyuma ya mikoko, juu ya usawa wa maji makuu, na mikoko hubaki kuwa mlinzi wake.

Baadaye Mafia ilipata shamba la kibiashara katika kijiji cha Jimbo, likifuga kambamiti mwenye milia. Unguja ilijengewa kituo cha kutotolesha vifaranga vya viumbe wa bahari huko Beit el Ras kwa msaada wa Korea Kusini na FAO. Kenya, kupitia taasisi yake ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, imeweka kituo cha kitaifa cha ufugaji wa baharini Shimoni, Kwale. Vikundi vya vijiji vya Kwale na Kilifi vimejaribu mabwawa madogo ya mwatiko, kaa na kambamiti. Tuna vituo, tuna wataalamu, tuna watu walio tayari. Kinachokosekana ni kuviunganisha kabla biashara haijakua kiasi cha kuvizidi nguvu.

Hatua ya kwanza iwe kupima kambamiti wetu wa porini mara kwa mara, kutoka Ungwana, Rufiji, Bagamoyo na Mtwara, ili tujue ni vijidudu gani tayari vimo majini. Kazi hiyo haihitaji bwawa hata moja. Inahitaji sampuli, barafu, maabara na bajeti isiyokatika kila mradi wa wafadhili unapofika mwisho. Hatua ya pili ni kuzalisha wazazi wetu wenyewe. Kambamiti mwenye milia na kambamiti mweupe wa Bahari ya Hindi ni wenyeji wa maji haya. Kuagiza wa kigeni kunaweza kuonekana njia ya mkato, na huenda siku moja serikali zikaamua hivyo, lakini uamuzi huo usitangulie karantini ya uhakika kama ya Chennai, wala usifanywe na nchi moja bila kuiambia jirani. Hatua ya tatu ni makubaliano ya kupeana taarifa kati ya Kenya, Tanzania Bara, Zanzibar, Msumbiji na Madagaska. Mfugaji anayeficha vifo kwa kuogopa kufungiwa anaumiza pwani nzima, kwa hiyo sheria impe fidia na heshima anapotoa taarifa, wala isimpe sababu ya kunyamaza.

Wapo watakaosema huko ni kuchelewesha ajira. Nawaelewa, kijana wa Kisiju au Vanga haishi kwa ripoti za maabara. Lakini mabwawa yanayokufa katika mwaka wa tatu hayamwachii ajira. Humwachia deni la benki, ardhi yenye chumvi isiyofaa mpunga wala minazi, na mfereji wa maji machafu mbele ya nyumba yake. Kujenga maabara na vituo vya vifaranga pia ni ajira, na ni ya kudumu zaidi: fundi wa PCR, mlishaji wa vifaranga, mwoteshaji wa mwani, mkaguzi wa mashamba. Vyuo vyetu vya uvuvi na sayansi za bahari vinaweza kuwafundisha hao kuanzia sasa.

Wananchi nao wana uwezo wao. Kwa Tanzania Bara, ardhi ya pwani kwa kiasi kikubwa ni ya vijiji, na mwekezaji hupita kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla ya kupata eneo. Mara nyingi mkutano huuliza kuhusu shule, barabara na idadi ya vijana watakaoajiriwa. Ni maswali ya haki. Mengine mawili yaongezwe, na yaulizwe kwanza: vifaranga vitatoka wapi, na nani atavipima? Atakayekuja bila majibu yake apewe kiti na maji ya kunywa, kisha aombwe arudi akiwa nayo.